Jipu la Tatu

Jipu la kwanza halimtishi mtu. Atalikanda kwa kitambaa cha maji moto, atakaa upande mmoja kwenye kiti cha matatu, na baada ya wiki litapasuka na kusahaulika. La pili hulaumiwa sabuni mpya, au joto, au ile sababu ya zamani ambayo haijawahi kushindwa kesi: damu chafu. La tatu, likija kabla mwaka haujaisha, ndilo linalomfanya muuzaji wa duka la dawa hapa Section 58, Nakuru, anyamaze kidogo, apange upya vidonge ambavyo tayari vimepangwa, kisha aulize kwa sauti ya chini, "Umewahi kupima?"

Swali hilo lina historia. Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984, na Rais Moi akautangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999. Kati ya miaka hiyo watu wengi walikufa bila damu yao kupimwa, lakini si bila kusomwa. Ngozi ndiyo iliyosomwa. Mkanda wa jeshi ukimzunguka kijana kifuani, majirani walianza kuhesabu. Vipele vya kuwasha vilivyoacha madoa meusi miguuni na mikononi vilitosha kumfanya mtu avae mikono mirefu hata Februari, jua la Nakuru likichoma. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya malori yatokayo Mombasa kwenda Malaba. Ulipata fungu lake la msiba na, pamoja nalo, fungu lake la umbeya. Wasomaji wale wa ngozi walikosea mara nyingi, na makosa yao yaliwaumiza watu. Hata hivyo kuna jambo walilokuwa wameliona. Virusi vinavyokaa mwilini kwa miaka hujionyesha juu ya ngozi, na aghalabu kinachoonekana si virusi vyenyewe. Ni bakteria na kuvu waliokuwa hapo siku zote.

Hapo ndipo penye fumbo. Virusi vya ukimwi haviwezi kumwambukiza bakteria. Ili viingie kwenye seli vinahitaji mlango uitwao CD4 na kitasa cha pili, mara nyingi CCR5. Bakteria hana kimoja wala kingine. Virusi vinavyoshambulia bakteria vipo, huitwa bakteriofaji, jina alilolibuni Félix d'Hérelle mwaka 1917, na ngozi ya kila mmoja wetu imejaa virusi hivyo. Lakini huo ni ukoo mwingine kabisa. Virusi vya ukimwi na bakteria wa ngozi hawajuani. Basi jipu la tatu linatoka wapi?

Kwanza tujue nani anaishi hapo. Ngozi ya mtu mzima ni karibu mita mbili za mraba, na katika sehemu zenye unyevu sentimita moja ya mraba inaweza kubeba bakteria wapatao milioni moja. Mwaka 2009 Elizabeth Grice na Julia Segre na wenzao, katika taasisi za taifa za afya nchini Marekani, walichukua sampuli kwenye sehemu 20 za miili ya watu 10 wenye afya. Waliona kwamba mahali huamua mengi kuliko mwenye mwili: kwapa la mtu mmoja hufanana zaidi na kwapa la mwenzake kuliko linavyofanana na mkono wake mwenyewe, ulio umbali wa shubiri mbili.

Mkazi wa Nakuru hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Milimani ni Milimani, Bondeni ni Bondeni, na anayeshuka Section 58 hawezi kudhani amefika Free Area. Ngozi nayo ina mitaa. Kwenye mafuta, yaani paji la uso, pembe za pua na mgongo wa juu, anatawala Cutibacterium acnes, ambaye hula mafuta ya ngozi na kuacha asidi. Kwenye unyevu, yaani makwapa, kinena na katikati ya vidole vya miguu, wanajazana korinebakteria na stafilokoko. Sehemu kavu kama mkono wa mbele huwa na mchanganyiko wa wapitaji wengi na wenyeji wachache. Kuvu wa Malassezia hukaa karibu kila penye mafuta, na ndiye anayehusishwa na mba.

Anayesababisha majipu mengi ni Staphylococcus aureus. Daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, alimwona kwenye usaha mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kumfananisha na kichala cha zabibu. Neno la pili la jina lake ni dhahabu kwa Kilatini, kwa sababu ya rangi ya makundi yake yanapooteshwa maabara. Makao yake ya kudumu ni puani, na karibu mtu mmoja kati ya wanne au watano humbeba humo muda wote bila kuugua. Kutoka puani hadi kwenye kinyweleo kilichokwaruzwa na wembe wa kinyozi ni safari ya kidole kimoja tu. (Rais Magufuli wa Tanzania alipoingia Ikulu mwaka 2015, kutumbua majipu kukawa sifa ya uongozi. Kwa ngozi ni ushauri mbaya. Jipu linalobinywa kwa vidole linaweza kusukuma usaha ndani zaidi, na vidole hivyo huwapeleka bakteria mahali pengine.)

Kinachomzuia aureus asifanye jipu kila siku ni mambo matatu yanayofanya kazi pamoja, na ndiyo maana ni vigumu kuyatenganisha. Moja ni majirani. Mwaka 2016 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walieleza kwamba stafilokoko mwingine wa puani, lugdunensis, hutengeneza kiuavijasumu chake mwenyewe, na kwamba watu wanaombeba huyo ni nadra kuwa na aureus. La pili ni ardhi yenyewe: ngozi yenye afya ina asidi kiasi, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, na asidi hiyo humpunguzia aureus kasi ya kuzaana. La tatu ni askari, yaani seli nyeupe, nyingine zikiishi ndani ya ngozi kwa kudumu na nyingine zikiitwa kutoka kwenye damu.

Majirani na askari wana uhusiano mkubwa kuliko tulivyodhani zamani. Mwaka 2012 jopo la Yasmine Belkaid nchini Marekani lilitumia panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Ngozi zao zilikuwa na askari wavivu. Walipoambukizwa kimelea cha Leishmania walishindwa kupambana nacho ipasavyo. Walipowekewa Staphylococcus epidermidis, bakteria mpole wa kawaida wa ngozi, askari wa pale pale ngozini waliamka. Leishmania si habari ya mbali kwetu. Vidonda vyake vya ngozi vinajulikana Gilgil, mwendo wa saa moja kutoka hapa, kwa watu wanaokaa karibu na mapango na miamba inayofuga wadudu wanaoeneza ugonjwa huo. Bakteria wa ngozi, kwa hiyo, si wapangaji tu. Ni sehemu ya ulinzi wa mtaa, na wanaulea ulinzi huo kama unavyowalea wao.

Sasa ingiza virusi vya ukimwi. Vinaharibu seli nyeupe zenye mlango ule wa CD4, hilo limeimbwa shuleni hadi likapoteza maana. Yafaa kuuliza: CD4 zipi? Miongoni mwazo kuna kikosi kinachoitwa Th17, ambacho kazi yake kuu ni mipaka ya mwili, yaani utumbo, kinywa na ngozi. Kikosi hiki hutoa ujumbe wa kikemikali, interlukini 17, unaoziamuru seli za ngozi zitengeneze defensini, ambazo ni viuavijasumu vya mwili wenyewe, na unaoita seli nyeupe za kula bakteria zije upesi. Kwa bahati mbaya seli za Th17 zina CCR5 kwa wingi, na ni miongoni mwa zinazoangamizwa mapema. Utando mweupe wa kinywani, ambao wauguzi wetu waliuzoea mno miaka ya 1990, unatokana kwa sehemu kubwa na pengo hilo. Kuvu wa kandida alikuwa kinywani tangu utotoni. Aliyeondoka ni mlinzi.

Ushahidi mzuri kwamba pengo la Th17 linatosha kuleta majipu hautoki kwenye ukimwi kabisa. Kuna ugonjwa wa kurithi, wa nadra, ambao madaktari wa Marekani waliupa mwaka 1966 jina la Ayubu wa kwenye Biblia, kwa sababu ya majipu. Wenye ugonjwa huo wana kasoro kwenye jeni ya STAT3 na hawawezi kuunda seli za Th17. Mwaka 2013 watafiti waliwachunguza ngozi watu wenye ugonjwa wa Ayubu na magonjwa mengine mawili ya kinga ya kurithi. Mimi nilitarajia kusoma kwamba bakteria wameongezeka. Walichosisitiza ni kingine: mipaka ya mitaa ilikuwa imefifia. Ngozi ya sehemu moja ilianza kufanana na ngozi ya sehemu nyingine, wakazi walibadilikabadilika zaidi baada ya muda, na walionekana wageni ambao kwa kawaida hawapati makao kwenye ngozi ya mtu, kama Serratia marcescens, ambaye zaidi ni wa udongoni na majini.

Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa swali lote, na ndiyo maana nimeutanguliza ingawa hauna kirusi ndani yake. Kinga ya ngozi haifanyi kazi ya kuua tu. Inafanya kazi ya mipango miji. Ikidhoofika, jambo la kwanza kupotea si amani bali ni utambulisho wa mitaa, na ghasia hufuata baadaye, pengine zisifuate kabisa. Mtu anaweza kuwa na ngozi iliyokwisha kuvurugika bila jipu hata moja.

Mfano ulio safi wa kirusi chenyewe kikifanya kazi hiyo unatoka Karibiani. Mwaka huo huo wa 1966, huko Jamaika, ilielezwa hali ya watoto wenye ukurutu mbaya kichwani, nyuma ya masikio na puani, wenye magamba na usaha, na kila walipochunguzwa walikutwa na aureus au streptokoko. Walitibiwa kwa viuavijasumu wakapona; dawa ilipokoma, hali ikarudi. Mwaka 1990 ilibainika kwamba watoto hao walikuwa na HTLV-1, binamu wa mbali wa virusi vya ukimwi, ambavyo aghalabu walivipata kwa maziwa ya mama. Virusi hivi haviui seli za CD4. Huzikalia, huzifanya ziongezeke na kupiga kelele bila mpango. Kwa hiyo kirusi kimoja kinamaliza askari, kingine kinawalewesha, na ngozini matokeo yanafanana: aureus aliyeachiwa uwanja. Hilo linaniambia kwamba tusihesabu askari tu, tuangalie kama wanatii amri.

Virusi vingine vya kudumu vina hadithi fupi zaidi. Homa ya ini ya B na C hukaa kwenye ini, na kuwasha kwa ngozi kunakoletwa nayo hutokana na nyongo kuliko bakteria. Virusi vya chunjua, HPV, vinaishi ndani ya ngozi yenyewe, na utafiti wa mwaka 2020 miongoni mwa wanaume wa Afrika Kusini ulikuta kwamba wenye HPV uumeni walikuwa na korinebakteria wachache na anaerobi, yaani bakteria wanaoishi bila hewa, wengi zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Nani alitangulia, kirusi au bakteria? Swali hilo ndilo linalonirudisha Afrika Mashariki, maana huku ndiko lilikofanyiwa kazi ya maana.

Lakini kabla ya kufika huko kuna kidonge kikubwa cheupe cha kushughulikia. Mkenya yeyote aliyewahi kwenda kliniki ya ukimwi anakijua: Septrin. Kwa miaka mingi kila aliyekutwa na virusi alipewa Septrin ameze kila siku, ili kumkinga na homa ya mapafu, kuhara na malaria. Ilikuwa hatua njema, imeokoa maisha. Tatizo ni la mtafiti wa ngozi: Septrin ni kiuavijasumu, ndicho hicho hicho kilichowapoza watoto wa Jamaika. Mtu anayekimeza miaka mitano amekuwa akipalilia shamba la ngozi yake kila asubuhi. Bakteria wanaoathirika hupungua. Wenye usugu hubaki na kutanuka. Ukikuta kwenye ngozi ya mtu mwenye virusi kundi tofauti la stafilokoko, lenye usugu, umeona kazi ya virusi au ya Septrin? Tafiti nyingi za aureus na ukimwi, popote zilipofanyika, zinajikwaa hapo. Ni kweli kwamba wenye virusi humbeba aureus puani mara nyingi zaidi. Ni kweli pia kwamba hulazwa zaidi, hudungwa sindano zaidi, hukaa kwenye mabenchi ya hospitali zaidi.

Dawa zenyewe nazo zimewahi kujifanya ugonjwa wa ngozi. Nairobi, mwaka 1991, iliripotiwa kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi waliopewa thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa kila mahali, karibu mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi, baadhi ngozi ikibambuka hadi kufa. Kwa wasio na virusi ilikuwa karibu mmoja kati ya mia. Dawa hiyo ikaachwa. Majirani waliomwona mgonjwa akibambuka walisema ni ukimwi. Walikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Turudi kwenye vile vipele vya kuwasha vya miguuni, vilivyowavika watu mikono mirefu. Kwa muda mrefu vilidhaniwa ni bakteria wa vinyweleo, au kuvu, au mzio wa virusi vyenyewe. Watu walipakwa kila aina ya tyubu. Mwaka 2004 lilichapishwa jibu kutoka Uganda: wagonjwa 102 walikatwa kipande kidogo cha ngozi kwenye kipele kipya, na kwa 86 kati yao kilichoonekana chini ya darubini kilikuwa na sura ya kuumwa na mdudu. Mbu, viroboto, wadudu wa kawaida kabisa. Kinga iliyovurugika ilikuwa ikiipokea kila sindano ya mbu kama tangazo la vita, na wenye vipele vibaya zaidi walikuwa ndio wenye CD4 chache zaidi. Bakteria walikuja baadaye, kupitia kucha. Mtu anajikuna, anafungua ngozi, aureus anaingia, doa jeusi linabaki.

Naupenda utafiti ule kwa sababu unamnyang'anya kila mmoja jibu alilokuja nalo. Na una mkia unaovutia. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mbu wa malaria huvutwa zaidi na watu ambao miguu yao ina bakteria wengi wa aina chache, na huvutwa kidogo na wenye aina nyingi, kwa kuwa bakteria ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya harufu yetu. Sasa panga vipande: kirusi kinavuruga kinga, kinga inavuruga mitaa ya bakteria, bakteria wanabadili harufu, harufu inaita mbu, na mbu anauma ngozi ambayo tayari imepoteza kiasi. Kiungo cha kati cha mnyororo huo ni dhana yangu, siiuzi kama jambo lililothibitishwa. Lakini ni dhana inayoweza kupimwa kwa soksi na chandarua.

Kuhusu lile swali la nani alitangulia, kazi iliyougeuza mshale kabisa ilitoka Rakai, kusini mwa Uganda. Desemba 2006 majaribio mawili ya tohara, moja Rakai na lingine Kisumu, yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: wanaume waliotahiriwa waliambukizwa virusi karibu nusu tu ya wenzao. Kisumu walishiriki wanaume 2,784, Rakai karibu 5,000. Hapa Nakuru, ambako kwa Wakikuyu na Wakalenjin kisu ni jambo la rika na heshima, watu walipokea habari hizo kwa kiburi kidogo, kana kwamba mababu walijua virolojia. Kwa nini tohara inakinga ndilo swali lililobaki. Sampuli za Rakai zilikuwa zimehifadhiwa, na Cindy Liu, Lance Price na wenzao wakazifungua kuwahesabu bakteria. Chini ya govi, mahali penye joto, unyevu na hewa kidogo, walikuwamo anaerobi wengi. Baada ya tohara walipungua sana, na nafasi yao ikachukuliwa na korinebakteria na stafilokoko, wakazi wa kawaida wa ngozi. Kisha mwaka 2017 wakaonyesha jambo zito zaidi: miongoni mwa wasiotahiriwa, waliokuwa na wingi wa anaerobi kama Prevotella na Dialister ndio waliokuja kuambukizwa zaidi. Kila bakteria hao walipoongezeka mara kumi, uwezekano wa kuambukizwa ulipanda kwa zaidi ya nusu.

Njia yake inaeleweka. Anaerobi hao huichokoza ngozi. Ngozi iliyochokozwa huita askari. Askari wanaokuja ni CD4 wenye CCR5, yaani milango na vitasa vyenyewe. Bakteria wanawakusanya askari mahali ambapo adui anaingilia. Kwa hiyo swali la jinsi virusi vinavyobadili bakteria wa ngozi lina pacha wake, na huku kwetu pacha huyo ndiye aliyetangulia kujibiwa: bakteria wa ngozi ndio waliovifungulia virusi. Ukimpima mtu mwenye virusi leo ukamkuta na bakteria wa ajabu, huwezi kusema moja kwa moja kwamba virusi vimewaleta. Pengine walikuwepo kabla yake, wakashika taa.

Ugumu mwingine ni wa kipimo. Ili useme ngozi imevurugika lazima ujue ngozi ya kawaida ni ipi, na kawaida ya vitabuni ni ya wajitoleaji wa Marekani wanaooga kwa bomba la maji moto na kukaa ofisini. Mwaka 2014 kulichapishwa ulinganisho wa mikono ya wanawake wa Marekani na ya kina mama wa Tanzania. Mikono ya Wamarekani ilijaa bakteria wa ngozi wa kutarajiwa. Ya Watanzania ilikuwa na wingi wa bakteria wa udongo na mazingira. Hakuna mgonjwa hapo. Ni mikono inayochota maji, inayopalilia, inayofua. Mtafiti asiyejua hilo angeweza kuchukua mkono wa mama wa Nakuru mwenye virusi, aukute na bakteria wa udongo, akumbuke Serratia wa ugonjwa wa Ayubu, aandike kwamba kinga imeporomoka, kumbe mama ametoka kupanda sukuma.

Section 58 si kijiji, wala si Marekani. Tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari vumbi la majivu ya zamani ya Menengai huingia kila ufa wa dirisha, na ngozi hupauka. Julai baridi huwafanya watu waoge haraka na kujipaka mafuta mazito ya mgando. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana magadi na floraidi. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi wa hiyo ya pili. Sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia ambayo wengi huogea, ina kipimo cha pH cha karibu 9 hadi 10, na huipunguza asidi ya ngozi kwa saa kadhaa kabla haijarudi. Kwa mtu mwenye kinga kamili huo ni usumbufu wa muda tu. Ila ngozi ya mwenye virusi visivyodhibitiwa huwa tayari imekauka, ukuta wake umelegea, na kilichobaki cha kumzuia aureus ni ile asidi. Hapa mche mmoja wa sabuni unaweza kufanya kazi ambayo daktari ataiandikia virusi.

Halafu kuna tyubu. Kwenye maduka mengi ya dawa mjini huuzwa krimu yenye mchanganyiko wa steroidi, dawa ya kuvu na kiuavijasumu, tatu ndani ya moja, bila karatasi ya daktari. Inapendwa kwa sababu kuwasha hukoma usiku ule ule. Steroidi huzima king'ora, moto hauzimi. Askari wachache waliobaki huambiwa wakalale, kuvu huenea chini kwa chini, na bakteria hupewa kiasi cha dawa kinachotosha kuwafundisha usugu. Nyingine huishia kwenye mkorogo wa kung'arisha uso. Nimeona majirani wakizitumia kwa miezi, na kusema kweli nami nimewahi kununua moja kwa ajili ya shingo iliyochubuliwa na mashine ya kinyozi. Ilifanya kazi vizuri mno, na hilo ndilo lililopaswa kunitia shaka.

Kwa hiyo mtu akitaka kujibu swali hili Nakuru, asianze na mashine ya kusoma jeni. Aanze na daftari. Aandike nani anameza Septrin na tangu lini, sabuni gani, maji ya bomba au ya kisima, kinyozi yupi, tyubu ipi. Achukue sampuli puani, kwapani na kwenye mkono wa mbele, mara moja wakati wa vumbi na mara moja wakati wa baridi. Awachukue wenye virusi na majirani wao wasio navyo, wa ploti moja, wanaotumia mfereji mmoja. Na afanye hima, kwa sababu ngozi ya ukimwi ya vitabuni inatoweka. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wana virusi, na kati ya waliokuwa wakitumia dawa, tisa kwa kila kumi walikuwa wamevidhibiti. Tangu mwaka 2016 mtu huanzishwa dawa bila kungoja CD4 zishuke. Mkanda wa jeshi kwa kijana, vipele vya miguuni, utando wa kinywani, vyote vimekuwa vitu ambavyo wanafunzi wa udaktari huonyeshwa zaidi kwenye picha. Kinachobaki ni mabadiliko ya chini, yasiyoonekana kwa jirani. Dawa hurudisha idadi ya CD4 upesi kuliko inavyorudisha nidhamu yao, na kikosi cha mipakani ndicho cha mwisho kujazwa.

Askari wanaporudi, huwa hawarudi kwa utulivu. Katika wiki na miezi ya kwanza ya dawa baadhi ya wagonjwa hupata chunusi ambazo hawajaziona tangu ujana, usoni na mgongoni, kwenye mitaa ile ile ya mafuta. Cutibacterium acnes hakuwa ameenda popote. Alikaa kwenye vinyweleo kwa miaka ambayo hakukuwa na wa kumgombeza, na sasa amekutwa nyumbani. Mgonjwa huja kliniki amekasirika, ana miaka 40 na uso wa kidato cha pili, anataka dawa ibadilishwe. Muuguzi mzoefu hutazama zile chunusi, hutazama karatasi ya maabara, na hujitahidi asitabasamu.